Murhula Mulumeoderhwa, Mukimbiaji wa Idjwi (1947–1984)

Tunayemuzika leo alizaliwa Bugarula, kwenye kisiwa cha Idjwi, tarehe 14 Agosti 1947, mutoto wa tatu wa muzee Mulumeoderhwa na mama Philomène. Alibatizwa Damien. Mwaka wa 1972, kwa amri ya serikali, jina hilo lilitolewa kwenye karatasi zake, lakini mama yake hakuacha kumuita hivyo.

Alisoma shule ya musingi kwa mapadri kisiwani, kisha miaka miwili ya sekondari Bukavu. Baba alipofariki, masomo yalikatika. Alikuja Goma, akapata kazi ya kubeba na kushona magunia kwenye depo ya kahawa.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, alikimbia. Barabarani alikutana na Kakule, fundi wa baiskeli, wakawa hawaachani. Mwaka wa 1974 Murhula alikuwa wa tatu katika mita elfu kumi kule Kinshasa. Aliporudi, Kakule alimubeba mabegani kwenye uwanja wa ndege mpaka wote wawili wakaanguka.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Bibiche. Baba mukwe alikuwa na wasiwasi: “Mutu wa kukimbia hivi, atakaa nyumbani?”

Bibiche akamujibu, “Papa, kurudi pia anajua.”

Tarehe 10 Januari 1977 marafiki hao walikuwa kwenye barabara ya Rutshuru, wakirudi kutoka Kibumba, mulima wa moto Nyiragongo ulipopasuka. Moto ulishuka mbio. Kakule alikuwa ametoka kuugua malaria, pumuzi ikamuishia. Murhula akamushika mukono, akamukokota. Kakule akajinasua.

“Enda. Weye uko na bibi mwenye mimba.”

“Siwezi kukuacha.”

“Enda, Damien. Tutakufa wote.”

Akaenda. Hata kwenye mashindano hakuwahi kukimbia hivyo. Kakule hakuonekana tena; mahali pale barabara yote ilifunikwa na jiwe.

Siku hiyo hiyo, miguu ikiwa imeungua, Murhula alienda Kituku kwa mama Annonciata, muzazi wa Kakule, akamuelezea yote bila kuficha. Mama alifunga mulango. Tangu hapo Murhula hakukimbia tena. Kila siku ya Mungu, akitoka misa, alimuchotea mama yule maji, akayaacha mulangoni na kujiendea. Mwaka wa pili mulango ulifunguka.

“Haijaisha mu roho yangu,” mama alisema. “Lakini ingia, ukule.”

Mwaka wa 1981 kikohozi kilianza. Hospitali walisema ni kifua kikuu. Dawa zilimusaidia kidogo, kisha zikashindwa. Mwishoni hakuweza kutoka kitandani mpaka mulangoni bila kuketi njiani. Mama Annonciata alikuja kumulisha uji.

“Ningemungojea Kakule,” Murhula alimuambia Bibiche.

“Ungemungojea, binti yetu Nshobole hangekujua.”

Murhula alifariki tarehe 3 Machi 1984, alfajiri, akiwa na miaka thelathini na sita.

Ameacha bibi yake Bibiche. Binti yake Nshobole, na mutoto mudogo aliyemupa jina la Kakule. Dada zake Clotilde na Valérie. Mama yake Philomène. Na mama Annonciata, aliyeomba jina lake lisomwe hapa, pamoja na wazazi.

Bwana amupokee Damien, amupe pumuziko.