Nati ya Mtoto Haikazwi kwa Nguvu

Kijiwe cha Askofu kiko Mpanda mjini, pembeni ya banda la fundi Denis, mahali ambapo ubao mmoja mrefu umelazwa juu ya matairi yaliyokwisha na watu wazima wenye familia zao wanaukalia asubuhi mpaka jua la utosi bila aibu. Askofu mwenyewe si askofu wa popote. Ni Révérien wa Katumba, muuza kahawa, ila hawezi kukumiminia kikombe bila kukisindikiza na mahubiri. Kulia kwake hukaa Simon, anayetengeneza redio, na kwa kuwa baadhi ya redio hizo hulia tena, watu wakamwita Injinia. Kushoto hukaa Mwandu, Msukuma wa ng'ombe wengi, anayeitwa Mtemi kwa sababu tangu afike Katavi hajawahi kukubali kushindwa. Siku hiyo katikati alikaa Makarius, amevaa shati la Jumapili katikati ya wiki, maana mkewe Eufrazia alikuwa anaruhusiwa hospitali na mtoto. Walishazika wawili kabla ya huyu. Huyu, Lucia, alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutisha, akalelewa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi mpaka uzito ukapanda, na leo daktari alikuwa amesema nendeni nyumbani Kasekese. Makarius alijaa shukrani.

Noah yake, gari la familia, ilisimama mbele ya ubao, miguu ya mbele imetanuka. Ni kijiwe ndicho kilichoitanua. Makarius alikuwa amefunga matairi makubwa kwa ajili ya tope la Kasekese, yakawa yanasugua shokapu kila akikata kona. Jamaa wakachanga wakamnunulia spesa, vile vipande vya chuma vinavyokaa kati ya gari na tairi ili tairi lisogee nje. Zawadi ya mtoto, walisema. Na kijiweni pale kuna desturi: kitu cha kuchangwa hakifungwi na mtu mmoja, kila aliyetoa lazima aweke mkono wake. Nati za kila tairi ni tano na wanaume walikuwa wanne pamoja na Makarius, hivyo jana jioni, walipofunga, ile ya tano wakampa Lucia.

Sasa asubuhi hii Makarius alizunguka mjini kidogo, na usukani ukamtetemekea mikononi.

Makarius: Jamani, mie sisemi zawadi mbaya. Mungu awabariki. Nasema tu linatetemeka.

Injinia: Lazima litetemeke. Limetanuliwa miguu jana. Hata wewe ukivaa kiatu kipya, siku za mwanzo unatembea kama bata.

Mtemi: Kiatu gani. Shida ni nati zenu nyie. Ya kwangu niliikaza na bomba refu, nikapanda juu yake kwa miguu yote, ikalia kama mbuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Askofu: Ufa na nati wapi na wapi?

Mtemi: Vyote vinataka nguvu.

Askofu: Mie ya kwangu niliipaka mawese kwanza. Kitu kipya kinapakwa mafuta. Ikaingia yenyewe, wala sikutoa jasho.

Injinia: Nyie mnakisia. Mie nilikaza kwa sikio. Ilipotulia kama redio iliyoshika stesheni, nikaacha.

Makarius: Na ya mtoto?

Askofu: Ya mtoto tulizungusha polepole, tukaigusa na spana kidogo basi. Nati ya mtoto haikazwi kwa nguvu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wakacheka wote, na Makarius akacheka nao, ila jicho lake likabaki kwenye tairi. Alijua barabara ya Kasekese na miteremko yake. Alijua pia kwamba kukagua zawadi mbele ya aliyekupa ni kumvunjia heshima, na hawa walikuja hospitali na uji zamu kwa zamu wakati ndugu zake wa damu walikuwa mbali. Unamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba mkono wake huuamini? Akanywa kahawa yake.

Injinia: Nimepata. Chini ya Mpanda hii kuna madini mpaka mengine hayana majina. Wewe umeongeza chuma kwenye gari. Ardhi inakivuta, inakiachia, inakivuta, inakiachia. Huko ndiko kutetemeka kwenyewe.

Askofu: Mbona baiskeli yangu haivutwi?

Injinia: Baiskeli yako imebaki kutu tupu. Kutu haivutwi.

Mtemi: Hapana, ng'wanawane, mwanangu. Msikilize mfugaji. Ng'ombe ukimletea ndama asiye wake, anarusha teke. Gari hili ndilo lilikuwa mtoto wa Makarius miaka yote. Sasa limesikia kuna Lucia. Lina wivu.

Injinia: Na dawa yake?

Mtemi: Unainama pale dirishani unaliambia kwa upole, wewe bado ni wa nyumbani.

Askofu: Wivu halina. Gari linashukuru. Mtu akijaa shukrani anatetemeka. Mwangalieni Makarius mwenyewe, kikombe kinamchezea mkononi. Aende tu, likiiona njia ya kwao litatulia. Aliye juu mngoje chini.

Makarius: Nani yuko juu?

Askofu: Usukani.

Hapo ndipo akatokea Mama Yustina, mama yake Eufrazia, akitokea upande wa hospitali na kikapu mkononi na kiblanketi begani. Makarius aliinuka mara moja, akasogea pembeni, macho chini, kama inavyompasa mwanaume mbele ya mkwewe. Wengine wakatoa shikamoo kwa pamoja.

Mama Yustina: Marahaba wanangu. Eufrazia anamalizia kumfunika mtoto, nimetanguliza mizigo. Gari lenyewe ndilo hili? Mbona limechuchumaa?

Injinia: Mama, hizo ni spesa. Ni chuma kinachokaa kati ya gari na tairi. Zawadi yetu kwa mjukuu wako.

Mama Yustina: Asanteni sana. Mungu awazidishie. Tairi linashikwa na nini?

Injinia: Na hizi nati unazoziona. Linashikwa kwenye hicho chuma. Tumekaza wenyewe, kila mtu ya kwake, na Lucia ana yake.

Mama Yustina: Na hicho chuma kinashikwa na nini?

Injinia: Kina nati zake, zinakibana kwenye gari. Ziko ndani, tairi limezificha.

Mama Yustina: Ehee. Hizo za ndani nani alizikaza?

Injinia akamtazama Mtemi. Mtemi akamtazama Askofu. Askofu akatazama birika. Makarius akaikumbuka jana yote: fundi Denis akivisha chuma, akishika zile nati za ndani, simu ikaita, trekta la mtu limekwama Litapunga, Denis akapanda pikipiki akisema ningojeni narudi. Nao kwa furaha hawakungoja. Kila mmoja alikuwa anaiwazia nati yake ya nje. Je, Denis alikuwa ameshakaza, au alikuwa ndiyo kwanza anaanza?

Makarius hakuomba ruhusa ya mtu. Alichukua jeki. Nati ya Mtemi iligoma mpaka Mtemi mwenyewe akaja na bomba lake. Ya Lucia ilitoka bila ugomvi. Tairi likavuliwa. Makarius akaigusa nati ya ndani kwa vidole viwili, ikazunguka. Akaigusa nyingine, ikazunguka nayo. Akilini akamwona Eufrazia kiti cha nyuma na mtoto kifuani, kwenye mteremko, na tairi likitangulia mbele yao. Akakaa chini kwenye vumbi na shati lake la Jumapili, nati iko kiganjani.

Makarius: Asante mama. Asante sana mama yangu.

Alimtazama usoni akisema hivyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe, na machozi yakamtoka wala hakuyaficha. Mama Yustina aliitazama ile nati. Wanaume wakainamisha vichwa kungoja kusemwa, maana walistahili.

Mama Yustina: Kazeni vizuri. Mie narudi kumwambia angoje kidogo.

Makarius: Utamwambia nini, mama?

Mama Yustina: Nitamwambia gari linaoshwa.

Akaacha kikapu kwenye ubao akaenda zake. Askofu akampigia Denis, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

Denis: Za ndani nilishika na vidole tu, si niliwaambia mningoje? Haya. Futeni hayo mawese yote, nati inakazwa kavu. Mmoja akanyage breki, mmoja akaze. Mmoja tu. Msizunguke kama mnacheza ngoma, ukikaza hii ruka kaze ya ng'ambo yake. Spana yangu ya kupimia iko sandukuni, ikilia tak, acha. Usiongeze, Mtemi, nakujua. Na nyie mkishatembea kidogo njiani simameni, vueni tairi, mrudie. Chuma kipya kinajikalisha.

Ikafanyika hivyo, upande huu na upande wa pili. Askofu alifuta mawese kwa kitambaa chake cha kufutia vikombe. Mtemi, aliyetaka kukaza, alikaa ndani akakanyaga breki. Makarius akakaza peke yake, za ndani kwanza, kisha za tairi, na kila spana ilipolia tak alisema asante kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemcheka.

Alipoinuka kujifuta mikono alimkuta Mtemi anarudi na ndoo ya maji kichwani.

Injinia: Ya nini hiyo?

Mtemi: Si mama amesema gari linaoshwa?

Injinia akavua viatu, akakunja suruali, akaanzia mlango atakaoingilia Eufrazia.