Masikio Yote Mawili: Mzee Masila Anaaga Studio

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mzee Masila Kitavi anazima taa za Studio Mulika, hapa Ngara, Nairobi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Katika muda huo amezeesha kamera saba na kuvumilia feni moja isiyozunguka. Miaka kumi na miwili ya mwisho amenivumilia na mimi, Kanini wa kaunta, na feni ilikuwa na nafuu.

Kama kitambulisho chako kina uso wa mtu aliyekemewa, huenda ni kazi yake. Amri zake zilikuwa tatu: tulia, usipumue, masikio yote mawili yaonekane. Hakusamehe mtu. Kuna askofu aliyevuliwa kofia papa hapa na kuambiwa kwamba hata mbinguni wataitisha masikio.

Miaka minne iliyopita watu walianza kujipiga picha wenyewe kwa simu. Tukawa tunashinda tukitazamana, mimi, yeye na feni. Bi. Wangui, mwenye studio, alituambia bila kuzunguka kwamba Desemba ikifika hali ikiwa hiyo hiyo, kona hii inakuwa duka la kava za simu. Mzee alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Aliogopa. Alijifanya anafuta lenzi, na lenzi ilikuwa safi.

Ndipo shule moja ya watoto ya kupanda farasi, huko Lavington, ikapiga simu ikitafuta mpiga picha wa siku ya mashindano. Mimi na mdomo wangu usio na breki nikajibu kwamba tunaye mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe hakuwahi kumsogelea farasi hata mmoja. Nilipomwambia akasema, "Farasi ni nini? Ni punda tu aliyesomeshwa." Huyu ni mtoto wa Mwingi, alichota maji na punda kabla hajajua kusoma.

Alipewa Jumamosi mbili za kujaribu, ya tatu ndiyo mashindano. Ile ya kwanza, jamani, alibeba pazia letu jeupe la picha za pasipoti! Akalitundika kwenye ua nyuma ya farasi na kumwamuru farasi asipumue. Upepo ukalichomoa pazia, likamfunika farasi kichwa, akatimua mbio uwanja mzima kama bibi harusi aliyebadili nia. Bahati nzuri hakuwa na mtoto mgongoni. Mwalimu wao alizitazama zile picha chache zilizopona, zote za uso kwa uso, akauliza kwa upole, "Mzee, hawa farasi wanaenda kuchukua kitambulisho?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki hiyo yote, nyumbani kwake mtaa wa Satellite, aliwapanga watoto wa nyumba za ploti yake waruke kamba, naye akalala kifudifudi na kamera kutafuta ile sekunde ambayo miguu imeacha ardhi. Majirani walianza kumwombea.

Jumamosi ya pili miguu ilitoka sawasawa. Lakini Ndungu, mtunza farasi, alichungulia kamera akatikisa kichwa: "Mzee, hiyo masikio imelala nyuma. Farasi amekasirika, na wewe unapiga tu!" Ala! Mtu aliyeisumbua Nairobi nzima kwa masikio, ameyasahau ya farasi. Alirudi Ngara ameinama, akaniomba msamaha, kana kwamba ni yeye aliyedanganya kwenye simu. Siku hiyo niliona haya kweli.

Siku ya mashindano, wa kwanza kuingia alikuwa Debra, msichana wa miaka tisa, ameng'ang'ania hatamu kwa woga, midomo imebanwa. Farasi wake naye kalaza masikio. Wazazi wanatazama, Bi. Wangui anatazama, mimi nimefumba macho. Mzee akaweka kamera jichoni, akajaza kifua hewa, akalia kama punda. Si kidogo. Punda kamili wa Mwingi aliyenusa mto baada ya kiangazi. Kila farasi pale akasimamisha masikio, na wazazi kadhaa pia. Debra akapasuka kicheko hadi pengo la meno likaonekana, na hapo hapo kamera ikabofywa. Picha ile iko ukutani kwetu, na shule imekuwa ikituita kila muhula. Kava za simu zilitafuta kona nyingine.

Sasa farasi wanaachiwa mimi. Nimefanya mazoezi ya kulia kama punda chooni kwa wiki mbili, na muuza nyaya wa duka la pili amekuja kuuliza kama tuko salama.

Jana tulimkalisha Mzee kwenye stuli yake ili tupate picha ya programu hii ya kumuaga, kwa sababu katika miaka yote hiyo hatukuwa na picha yake hata moja. Akakaza uso, akaacha kupumua. Nikalia kipunda. Nililia vibaya, Mzee, unajua. Ulicheka ukatoa machozi, kicheko kikaisha na machozi yakaendelea, nami nikabonyeza. Ndiyo hiyo iliyo kwenye jalada.

Asante kwa kila uso, hata nyuso ulizozikemea. Tunakutakia mema huko Mwingi, wewe na punda wasiosomeshwa. Sasa pumua, umeruhusiwa. Masikio yako yote mawili yameonekana. Nimehakikisha.