Kwa Nini Yule Mama Hakuingia Ndani

Benchi la kwa Mama Birika limetazamana na mlango wa ukumbi, barabara tu ndiyo iko katikati, na kila mwaka Chama cha Fasihi kikikutana kuwaenzi waandishi wakubwa wa zamani, wanakijiwe hukaa hapo kuzikagua suti zinazoingia. Mwaka huu hakuna aliyekagua chochote. Mzee Chapa, aliyepanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha vitabu miaka thelathini na miwili, alivuka barabara asubuhi na shati lake la kola ngumu, mlinzi akamwambia bila kadi ya mwaliko haingii mtu, kisha akamsukuma begani. Kidogo tu, lakini mbele za watu! Mzee wa miaka sabini na tatu! Amerudi anafoka, na kahawa ya kwanza yote imeishia kwenye kisahani.

— Nisukumwe mimi! Na leo wanasoma ukurasa wangu!

— Ukurasa wako upi tena, mzee? akauliza Kinyozi, aliyekuwa amemwacha mteja kwenye kiti na povu shavuni.

— Wa mwisho. Wa kitabu kile pale kwenye bango. Mwandishi hakuuandika yeye. Niliuandika mimi.

Fundi viatu akaweka soli chini. Wanamwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kortini mara moja, na tangu siku hiyo hajapona.

— Rudia polepole, kwa faida ya mahakama.

— Muswada uliletwa umeandikwa kwa mkono. Mwandishi mwenyewe yuko hospitali, hali mbaya. Napanga, napanga, nafika mwisho, karatasi ya mwisho haipo. Imepotea. Mambo ya kiwandani hayo. Msimamizi wetu ukipiga chafya tu anakufukuza kazi. Basi wenzangu wametoka kula, nikabaki. Nikapanga ukurasa kutoka kichwani mwangu, herufi moja moja.

Hilo la karatasi kupotea alilipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai radhi. Jambo la ukurasa wake hakuwahi kulisema miaka arobaini, hata kwa marehemu mkewe. Leo limemtoka kwa hasira, na lilipomtoka aliona raha, usiseme.

— Na huyo mwandishi hakukugundua? Mama Birika akauliza huku akimimina.

— Alifariki kitabu hakijatoka.

— Loo.

— Yule mama wa kwenye hadithi, si anamtafuta dada yake kitabu kizima? Mwishoni nikamfikisha mlangoni kwa dada. Akavua viatu, akakaa kizingitini. Hakuingia. Kwisha kitabu! Sasa wasomi wamegombana miaka yote hii, kwa nini hakuingia. Kuna profesa kaandika kitabu kinene juu ya hilo peke yake.

— Na kwa nini hakuingia? Kinyozi akauliza.

— Nafasi iliisha! Nilibakiwa na mistari kumi na minane. Ningemwingiza ndani ningehitaji karatasi nyingine, na msimamizi angeuliza ya nini.

Kinyozi alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu, ghafla tu, akakasirika.

— Hapana, jamani. Huu ni uonevu. Mtu anawaandikia, wanamsukuma!

— Huu ni uonevu wa daraja la kwanza, akasema Wakili. Tunakwenda pale sasa hivi, tunasimamisha shughuli. Jina lako liwekwe juu ya bango. Kama hawataki, wamtoe yule mama pale kizingitini, tuone kitabu chao kitaishaje!

— Mama Birika, hebu ongeza kahawa, Kinyozi akasema. Mimi naanza kuona mbali. Kama mzee aliandika ukurasa, wenzake waliandika mingapi? Nawaambia leo, hao waandishi hawakuwahi kuwapo! Ni wapiga chapa tu, wakati wa chakula!

— Hata vitabu vya shule? Mama Birika akauliza.

— Hasa vya shule! Kile cha hesabu cha darasa la sita, majibu ya nyuma yalikuwa hayalingani na maswali. Nikachapwa kwa ajili ya mtu ambaye nafasi ilimwishia!

— Wacha wee!

— Nachapwa, nalia, kumbe ni Mzee Chapa!

— Cha hesabu sikukigusa mimi, akasema Mzee Chapa, lakini alikuwa ameshaanza kucheka, kifua kimemjaa, na lile bega halikumuuma tena.

— Simama, mzee, akasema Wakili. Twende. Wewe ndiye mwandishi.

Mzee Chapa akasimama. Akavuta kola.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke wa makamo mwenye kadi ya mwaliko shingoni. Alitoka ukumbini mzee alipokuwa anaanza kusimulia habari ya muswada, akaomba kahawa bila sukari, na hakuna aliyemjali kwa jinsi walivyokuwa wamechacha. Sasa akaweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Mimi hutoka kila mwaka wakikaribia ukurasa ule. Siupendi. Nilidhani ni ujinga wangu tu.

— Wewe ni nani, mwanangu?

— Mwandishi ni baba yangu. Karatasi ile aliiandika hospitalini, mwenyewe akiwa amegeukia ukuta, siku nzima. Nilimwomba nione. Akasema, utaisoma ikitoka.

Wakili akavua miwani.

— Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwanamke akasema. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu ilipita mikononi mwako. Ya baba ilisema nini?

Mzee Chapa alikuwa bado amesimama. Aliona meza yake ya kiwandani waziwazi, kama siku ile. Aliona karatasi sakafuni, akaiokota, akaitumia kufuta wino kwenye mtambo bila kuigeuza, akaitia kwenye moto wa kuyeyushia risasi. Aligundua ilikuwa nini saa tatu baadaye. Akamtazama Kinyozi, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi. Kinyozi akageuka kumtafuta mteja wake mwenye povu.

— Mwanangu, akasema. Niliitumia kufutia wino. Sikuisoma.

— Hata mstari mmoja?

Ng'ambo ya barabara ukurasa ulikuwa umeisha kusomwa, watu wamesimama ukumbini wanapiga makofi, na makofi hayakuisha upesi.