Kichwa Hakifungwi Hogo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, na nyie mlioongozana naye: sisi akina mama wa kikundi cha Tuangaliane, hapa Majimoto, tunawakaribisha. Poleni na vumbi. Maji ya kunawa yapo, wali upo jikoni.

KIKUNDI CHETU
Tupo kumi na wanne. Kila mmoja ana mtoto aliyewahi kuumia kichwa: wengi kwa bodaboda, mmoja alipigwa teke na ng'ombe. Tulianza kwa yaliyompata mwenzetu Verdiana, ambaye ameandika risala hii na kukubali yasemwe yote.

YALIYOMPATA
Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilibeba watoto wawili kutoka shule, ikateleza kwenye tope. Deo, mtoto wa Gaudensia, alivunjika mguu. Mercy wa Verdiana, miaka sita, aligonga kichwa, akazimia kidogo, akaamka, akajifuta tope. Hata damu hakuna. Watu wakamwambia Verdiana, "Wewe una Mungu." Kesho yake mtoto akatapika. Verdiana akasema ni jua, akampeleka shambani kuamia ndege wasimalize mpunga.

Deo alifungwa hogo, ile plasta ngumu. Kijiji kizima kikaenda na mayai kumpa pole. Mguu ukaunga, leo anacheza mpira.

Mercy alionekana mzima hadi darasa la tatu. Hapo akaanza kusahau njia ya kisimani, kupiga wenzake, kulia akisikia kengele. Alipompeleka zahanati, daktari alimweleza Verdiana kwamba ubongo wa mtoto ni nyumba ambayo bado inajengwa. Ufa wa msingi unajitokeza ukuta ukishapanda.

Mgeni rasmi, hatufichi: Verdiana aliuonea wivu mguu uliovunjika. Deo akipita mbio, yeye anageukia ukuta. Pilau ya komunyo ya Deo hakuigusa. Mpaka Gaudensia akamfuata: "Mama Mercy, mguu wa mwanangu umekukosea nini?"

Akajibu, "Ulionekana."

Wakalia wote wawili.

MAFANIKIO
Ni madogo. Siku hizi mtoto akigonga kichwa hatumsifu kwa kutolia. Akitapika, akisinzia ovyo au akilalamika kichwa, anapelekwa zahanati siku hiyo hiyo, kisha anapumzishwa. Ndege waache wale mpunga.

CHANGAMOTO NA OMBI
Leo umeleta magongo, viti vya magurudumu, na orodha ya watoto watakaoingia darasa la elimu maalumu. Tunashukuru, lakini roho inatuuma. Aliyekuja kuandika majina alimtazama Mercy juu hadi chini: "Huyu ana nini? Mbona mzima, mama! Mfundishe adabu." Akapita. Na shule imeshasema Januari asirudi, hafundishiki. Asipoandikwa leo, ataamia ndege maisha yake yote.

Hatuombi gongo. Tunaomba orodha ifunguliwe, jina lake liingie, na apimwe na mtu anayejua mambo ya kichwa. Kalamu tunayo.

Yupo mstari wa tatu, gauni la njano, ameziba masikio kwa sababu ya ngoma. Muite taratibu. Ukiona kimya, rudia. Ataitika.

Mungu akurudishe salama Mpanda, wewe na dereva wako, na avilinde vichwa vya watoto wenu.

Ni sisi, akina mama wa Tuangaliane, Majimoto.
Imeandikwa na Verdiana, mama Mercy.
Imesomwa kwa niaba yetu na Gaudensia, mama Deo.