Aliyelisimamisha Gari la Amonia Wageni Wakiwa Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya injini anatundika ovaroli baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi. Jalada lake ofisini lina jina refu la heshima. Karakanani halitumiki, sote, hata tuliomzidi umri, humwita Shangazi. Mimi ni mhandisi wa mradi wake wa mwisho. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka saba na kukwaruzana mara moja tu, nami nitalifikia hilo, maana kosa lilikuwa langu.

Alianza akiwa na miaka ishirini na minne, akisafisha plagi na kupanga spana. Mwaka huo alipewa kabureta aifungue na kuifunga. Alipomaliza, gari liliwaka, ila mkononi alibakiwa na skrubu mbili. Anazo mpaka leo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na anasema anamsubiri mwenyewe aje kuzidai. Tangu hapo amefundisha wanafunzi wengi kiasi kwamba hawezi kupita kituo cha mafuta bila mtu kutoka uvunguni mwa gari kumwamkia.

Miaka saba iliyopita nilimletea michoro ya gari litakalotumia amonia badala ya petroli. Aliniuliza kama ni ile ile inayotoa machozi kwenye vyoo vya stendi. Nikakiri kuwa ndiyo. Akavaa miwani na kusema nimweleze taratibu.

Nilimweleza huku nikiruka kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli, na hata leo nikisimulia narukaruka. Amonia haina kaboni hata chembe. Ikiungua vizuri, bombani hutoka mvuke wa maji na naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta. Inaweza kutengenezwa kwa maji, hewa na umeme wa jua. Tena hukaa tangini ikiwa kimiminika bila ubishi mwingi, karibu sawa na gesi ya kupikia.

Shangazi alisikiliza yote, kisha akataka kujua ubaya wake. Upo. Amonia huunguza macho na mapafu, na ikivuja kwa wingi inaua. Huwaka kwa kinyongo, hivyo injini huhitaji haidrojeni kidogo ya kuichochea. Ikiungua ovyo hutoa gesi nyingine chafu. Tangi lake halifiki hata nusu ya safari ya tangi la petroli. Na nyingi inayouzwa leo hutengenezwa kwa gesi ya ardhini, kwa hiyo uchafu umehamishiwa kiwandani tu. Haya yote aliyaandika upande wa kushoto wa ubao. Upande wa kulia aliandika neno moja: Tutaona.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetufundisha kuosha macho kwa maji mengi kwa robo saa nzima. Ndiye pia aliyetuonya kwamba pua ikikaa ndani ya harufu huizoea na kuacha kuisikia. Mazoea yana taabu, akasema Shangazi, na papo hapo akaanzisha zamu ya mtu wa nje. Kila siku mmoja wetu hubaki barazani na chai yake mpaka tangi lifunguliwe, ndipo huingia na pua mpya. Akiinua mkono, kazi inasimama, na neno lake liko juu ya vipimo vyote na wahandisi wote. Tulicheka sana. Sheria yake ya pili ilikuwa kupiga marufuku shaba, kwa sababu amonia huila mpaka ipasuke. Viungo vya mabomba viwe vya chuma tu.

Tarehe 12 Mei walikuja wakaguzi watatu wa usalama barabarani. Wakiridhika, gari lingepewa kibali cha kutoka nje. Wakikataa, mradi ungefungwa. Shangazi alikuwa amebakiza wiki saba, na zawadi pekee aliyoomba ya kumuaga ilikuwa kulitoa gari hilo langoni yeye mwenyewe. Kipimo cha gesi kilionyesha kijani. Zamu ya mtu wa nje ilikuwa yake. Aliingia, akafika gurudumu la nyuma, akainua mkono.

Mimi niliyekuwa ndani tangu asubuhi sikusikia harufu yoyote. Nilimwambia wageni wanangoja. Kisha, kwa aibu naandika, nikamwambia huenda pua yake imetangulia kustaafu. Alifunga vali ya tangi, akafungua milango yote, akatutoa nje sote, wakaguzi na mikoba yao.

Alivaa barakoa ya gesi, akarudi peke yake, akatoka na kiungo kidogo kama kucha ya kidole gumba. Kilikuwa cha shaba, na kimepasuka ufa mwembamba kama unywele. Hakuna aliyejua nani amekifunga. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaambia wakaguzi kwamba ni yeye, Jumatatu ya wiki ile. Mkono uliingia mfuko wa aproni ukatoa kiungo cha shaba cha magari ya petroli, kama ulivyofanya miaka yote. Mwiba wa kujidunga, alisema, hauambiwi pole.

Nikajua tumekwisha. Lakini mkaguzi mkubwa aliuliza nani mwingine ana ruhusa ya kulisimamisha gari. Shangazi akasema yeyote aliye zamu. Hata mfagizi? Hata mfagizi. Hata dhidi ya mhandisi? Hasa mhandisi. Mzee yule aliandika muda mrefu. Wiki tatu baadaye walirudi, na kibali kikatoka na sharti la kwanza: zamu ya mtu wa nje isifutwe kamwe.

Tarehe 9 Juni Shangazi alilitoa gari langoni, nami pembeni yake. Mlimani lilikohoa mara mbili, nikakata tamaa, kisha likachanja mbuga kilomita kumi na moja bila moshi hata wa sigara moja. Tulipopita kituo cha mafuta aliwapigia honi ndefu. Machozi yalimtoka, akahakikisha kunieleza kwamba si amonia.

Mumewe, fundi cherehani, ameishona mifuko yote ya aproni ya mkewe isifunguke tena. Aproni hiyo tumeitundika mlangoni pamoja na kiungo cha shaba.

Asante, Shangazi, na unisamehe ule mdomo. Pumzika, cheza na wajukuu, vuta hewa safi uliyoihangaikia. Ila kuanzia Jumatatu wewe ndiye mtu wetu wa nje wa kudumu. Siku yoyote ukipita langoni ukainua mkono, nitazima injini kwanza, niulize baadaye.