Mke wa Mwinyi Dirishani

Alasiri Kolkata, jua likishavuka upande wa pili wa kichochoro, baraza ya saruji mbele ya jumba bovu la akina Mitra hupata wenyewe. Yupo Gokul, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani mara moja, kama shahidi. Yupo Pannalal, aitwaye Daktari kwa vile vichupa vyake vya vidonge vitamu visivyoponya wala kuua. Na yupo Nibaran, mchoraji wa hadithi za picha katika jarida la kila wiki. Siku hiyo walikuwa na chai yao kwenye vikombe vya udongo, na Nibaran alikuwa amepakata ukurasa wa mwisho wa hadithi iliyomlia miezi minane.

Ilitokana na riwaya ya kutisha ya zamani: kijana anafukuzwa kwenye jumba la mwinyi, anarudi baada ya miaka ishirini, analipiza kisasi. Mtaa mzima ulijua kwamba mwinyi yule kachorwa kwa sura ya Subodh, shemeji yake Nibaran, mume wa dada yake Malati. Subodh alikuwa amesema siku ya harusi yao, mbele ya wageni, kwamba farasi wa Nibaran wana nyuso za mbuzi. Tangu hapo, kila wiki Nibaran alimwongezea mwinyi chunusi moja puani. Sokoni wauza samaki walikuwa wakimuuliza Subodh, “Mwinyi, leo unamfukuza nani?” Kazi nyingine Nibaran aliziacha zote. Hata vitabu vya shule alivyoahidi kuvichorea picha vilipewa mtu mwingine.

— Haya, kaka Nibaran, tuone, alisema Wakili. Anakufaje?

Nibaran akaufunua ukurasa. Jumba lilikuwa linawaka toka msingi hadi paa. Mwinyi alikuwa juu ya ngazi, chunusi zote zimehesabika. Chini uani, mlipiza kisasi naye shati lake lilikuwa limeshika moto.

— Sasa huyu mwenye haki anaungulia nini? Wakili aliuliza.

— Riwaya ndivyo inavyosema. Nimechora tu.

— Ni nyongo, alisema Daktari. Mtu akikaa na kinyongo miaka ishirini, nyongo inapanda kifuani, inakauka. Kiberiti kikipita karibu, basi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha nyongo.

— Acha hizo, Daktari. Kosa ni la jumba. Majumba makubwa kama hili tulilokalia yana roho mbaya. Hayapendi watu wapatane ndani yake. Huyo kijana alirudi salama, jumba likamshawishi. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji kaungua, Gokul.

— Sijasema apone na nini.

Daktari alikunywa chai akafikiri. Hakuwa mtu wa kushindwa na shahidi.

— Basi ni wino, alisema. Wino mweusi hutengenezwa kwa masizi. Masizi ni moto uliokufa kabla haujamaliza hasira zake. Ukimchora mtu kwa chuki, moto unafufuka. Umekwisha kuona mchoraji wa visa hivi mwenye nywele?

Wote wawili wakakiangalia kichwa cha Nibaran. Nibaran akavaa kofia.

— Hata mimi nawaambia, alisema Wakili, mlipiza kisasi hakuwa mtu. Alikufa zamani kwa huzuni. Aliyerudi ni hasira yenyewe, imevaa shati.

— Hasira gani inaungua shati?

— Ya pamba.

Nibaran alicheka nao, lakini kicheko hakikufika mbali. Alitaka wausifie moto aliouchora. Miale ile ilimchukua siku tisa.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye mkoba wa vitabu alisimama kwa muuza chai wa kando ya baraza kungojea chai yake. Alikuwa mwalimu, Shefali, aliyehamia kichochoroni wiki ile. Akainama juu ya ukurasa.

— Dada, karibu, alisema Wakili. Tunajadili kisasi.

— Huyu dirishani ni nani?

— Mke wa mwinyi, Nibaran akamjibu. Anaungua pia.

— Yeye amefanya nini?

Daktari akachungulia ndani ya kikombe chake. Shefali hakuwa na nia ya kumtega mtu. Alikuwa anauliza tu. Akapewa chai, akashukuru, akaenda zake.

Nibaran akamtazama yule mwanamke wa dirishani. Mkono wake Nibaran, ulipomchora, haukuwa umeomba ruhusa. Ulikuwa umechora alama nyeusi chini ya mdomo, na ushungi ulioshikwa kwa vidole viwili, jinsi dada yake Malati alivyoushika tangu usichana wake. Mwaka huu, siku ya akina dada kuwapaka ndugu zao msandali kwenye paji la uso, Malati hakuja. Nibaran alikuwa amejiambia ni mvua iliyomzuia.

— Kaka, unakwenda wapi? Chai haijaisha.

Ukurasa aliukunja mara nne, akautia mfukoni, akapita vichochoro vitatu mpaka kwenye mlango ambao hakuwahi kuubisha tangu ile harusi. Malati ndiye aliyefungua. Nibaran alikuwa ametunga maneno mengi njiani.

— Nimekuchora vibaya, alisema.

Malati alimtazama usoni, halafu mabegani.

— Umekonda, alisema, akarudi jikoni kuongeza mchele chunguni.