Tu Man-ching na Nambari Iliyoshuka

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Tu Man-ching, mhandisi wa hapa hapa kwetu Yingge, aliyefariki wiki iliyopita kwa maradhi ya ini.

Man-ching alikuwa mpimaji wa hewa ukaa. Alipima hewa hiyo inayokwenda angani ili kigae kimoja kipatikane: kuchimba udongo, kuuchoma, kusafirisha. Jumla yake ndiyo ile nambari iliyo kwenye boksi la vigae, ndani ya lebo yenye unyayo wa kijani; ikiwa ndogo, kigae kimechafua hewa kidogo.

Alianza kazi akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, kwenye kiwanda cha Bwana Liao. Bwana Liao alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Alimbeba mabegani alipokuwa mtoto. Man-ching alimwita Mjomba.

Wafanyakazi walimpa jina la Bibi Moshi.

"Bibi Moshi, nimecheua! Andika!"

"Umekula kitunguu saumu, Kaka. Hiyo ni sumu, haina lebo."

Alizunguka kwenye mitambo, akaziba nyufa za tanuri la gesi, akabishana na madereva wanaoacha injini zikinguruma bure. Na nambari ikaanza kushuka. Ikashuka tena. Man-ching akawanunulia chai ya maziwa kiwanda kizima. Mdogo wake, Shu-ju, anakumbuka siku hiyo.

"Dada alileta boksi tupu, akaliweka juu ya kabati la sebuleni. Mama akauliza, 'Tumekuwa ghala?' Dada akamwambia, 'Mama, hiyo nambari ni mimi.'"

Wakaguzi wa lebo wakija, Bwana Liao alimtanguliza Man-ching. Aliwajibu bila kupepesa macho, kwa sababu alichosema alikiamini.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika kwenye posa ya Shu-ju. Mnajua keki za posa zinavyotuhangaisha, kila jamaa lazima apate boksi lake. Man-ching akapeleka moja ng'ambo ya mto, kwa mdogo wake Bwana Liao, mwenye tanuri la zamani la makaa ya mawe. Man-ching alidhani tanuri lile lilizimwa zamani.

Alikuta linawaka. Nje, vigae vimepangwa hadi kimo cha mtu. Kando yake, maboksi yenye unyayo wa kijani, yakisubiri kujazwa.

"Hongera kwa mdogo wako!" mzee alisema, akipangusa mikono apokee keki. "Mbona umeganda? Ingia, chai ipo."

"Mjomba Mdogo, hivi vigae ni vya kwetu?"

"Vya nani tena? Tanuri la kaka likishiba, mimi nameza yanayobaki. Ndivyo tulivyo siku zote."

Ndivyo tulivyo, wasikilizaji. Kwetu kiwanda kikizidiwa, kazi inakwenda kwa ndugu, na hakuna anayeiita kazi ya nje. Lakini hesabu ya Man-ching ilichukua gesi ya tanuri moja, ikaigawa kwa vigae vyote, hata vile ambavyo havikuonja gesi hiyo. Makaa ya mawe hayakuhesabiwa popote. Kadiri kazi ilivyovuka mto, ndivyo nambari ilivyoshuka. Na yeye alikuwa akinunua chai kwa furaha.

Alirudi moja kwa moja ofisini kwa Bwana Liao.

"Mjomba, ulijua."

"Kila mtu alijua, binti yangu."

"Isipokuwa mimi."

"Isipokuwa wewe." Bwana Liao alimmiminia chai. "Wakaguzi wakikutazama usoni wanaona mtu anayeamini. Mimi ningetoka jasho. Wewe ungejua, na wewe ungetoka jasho."

Shu-ju anasema ni maneno hayo yaliyomuumiza dada yake, kuliko hata uongo wenyewe. Walimchagua kwa sababu ni mkweli. Ukweli wake ndio walioutumia kama pazia.

Man-ching aliomba jambo moja tu: makaa yaingizwe kwenye hesabu, nambari ipande, lebo iseme kweli. Bwana Liao akajibu, "Tule karamu ya mwisho wa mwaka kwanza."

Katika karamu ile kuku huletwa mzima mezani, na anayeelekezewa kichwa ndiye asiyetakiwa kazini mwaka mpya. Miaka yote Bwana Liao alikigeuzia kwake mwenyewe, watu wakacheka. Safari hii aliizungusha sahani polepole, kichwa kikamtazama Man-ching. Hakuna aliyecheka. Yule wa kitunguu saumu akainamia bakuli lake.

Man-ching alisimama. "Asante, Mjomba. Leo umenieleza jambo waziwazi."

Aliiandikia ofisi inayotoa lebo. Lebo ikaondolewa, wanunuzi wa nje ya nchi wakahama, na baadhi ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Sokoni mtu alimwambia, "Bibi Moshi, umetuzimia majiko." Alirudi nyumbani akalia, Shu-ju akimshika mkono. Alisema, "Labda ana haki. Lakini ile nambari nisingeweza kuiacha."

Kwenye msiba, Bwana Liao alituma shada kubwa la maua lenye utepe: "Kwa mkweli wa kiwanda chetu."

"Maua niliyapokea," Shu-ju alituambia. "Dada hakuwa mtu wa kufukuza wageni. Utepe niliukata."

Kwa Mama Tu, kwa Shu-ju na mumewe, sisi sote hapa studio tunawapa pole. Mioyo yenu ipate utulivu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, ninaamini bado tunaweza kuwa watu wa kuaminiana. Basi kazini kwako kesho, mtazame yule anayesema kweli kwa niaba yenu nyote. Jiulize ni jambo gani mmekubaliana asilijue. Kisha mwambie, angali anasikia.